Kompyuta Haiwaki: Usikubali Haraka Kwamba Mazabodi Imeungua

DADA: Mugonile wa Tukuyu na Kyela, kamwene wa Iringa na Njombe. Karibuni mezani kwetu, Mbeya. Leo tuna kompyuta ya mezani iliyogoma kuwaka.

FUNDI: Shikamooni wakubwa wote mnaotusikiliza.

DADA: Fundi, kinachoniuma ni hiki. Mtu ana steshenari Mwanjelwa, mashine ni hiyo moja, ndiyo inachapa, ndiyo inaskani vyeti vya watoto wanaoomba vyuo. Asubuhi inagoma. Anaibeba kwa fundi, anaambiwa mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, tafuta nyingine. Na kava halijafunguliwa!

FUNDI: Hilo halikubaliki. Kabla hujamtoza mtu hela, jua kwanza imegoma vipi. Kuna mashine isiyotoa hata pumzi: hakuna taa, hakuna feni. Kuna inayozungusha feni lakini skrini nyeusi. Na kuna inayofika kwenye nembo halafu Windows haifunguki. Kila moja ina pa kuanzia. Hata mteja anapopiga simu, aseme ipi kati ya hizo.

DADA: Tuanze na isiyotoa pumzi.

FUNDI: Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama umeme upo. Kisha weka pembeni eksitensheni na stabilaiza, mashine ichomekwe moja kwa moja. Tazama nyuma ya pawasaplai, lile boksi linalopokea waya wa umeme, swichi iwe upande wa I, siyo O. Za zamani zina na kiswichi chekundu cha 115 na 230. Hapa Tanzania kisome 230. Ukiwasha kikiwa 115, pawasaplai inaungua papo hapo.

DADA: Na kitufe chenyewe cha mbele?

FUNDI: Hicho wengi wanakiruka. Vumbi la kiangazi linaingia, kinabonyezeka lakini hakigusishi. Fuata waya wake mpaka kwenye mazabodi, uchomoe, halafu gusisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Ikiwaka, ugonjwa ni kitufe. Pini za jirani usiziguse.

DADA: Sasa kuna hili la kwetu huku nyanda za juu. Mwezi wa sita, wa saba, baridi ya Makambako unaijua. Asubuhi unabonyeza, kimya. Unabonyeza tena na tena, mwishowe inawaka, na ikishawaka inashinda mpaka jioni bila tatizo.

FUNDI: Hizo mara nyingi ni kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, zimechoka, za pawasaplai au za mazabodi. Ndani yake kuna majimaji, na miaka ikienda yanakauka. Kwenye baridi kapasita iliyochoka inazidi kuwa nzito kupitisha umeme, kwa hiyo mashine inakosa nguvu ya kuanzia. Ikipata joto, inakaa sawa. Fungua kava, mulika kwa tochi ya simu pembeni ya prosesa, ile chipu kuu yenye feni juu yake. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa. Ukiona kimevimba, au kuna ukoko wa kahawia umetoka juu, umeshampata mchawi.

DADA: Na pawasaplai nayo tuifungue?

FUNDI: Hapana, dada. Ndani yake kapasita kubwa zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukiwa umechomoa waya. Pima kwa nje. Kwa mita ya kupimia umeme, laini ya volti 12 isome kati ya 11.4 na 12.6. Tena feni yake kuzunguka si ushahidi kwamba ni nzima. Njia ya uhakika kuliko zote ni kuazima nyingine iliyo nzima ukajaribu nayo.

DADA: Ya feni kuzunguka, skrini nyeusi?

FUNDI: Kwanza skrini ina umeme wake? Kebo imekaza? Kama mashine ina kadi ya picha, kebo ichomekwe kwenye kadi, siyo kwenye tundu la mazabodi. Hapo sawa, nenda kwenye RAM, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa kumaliza chaji iliyobaki, shika chuma cha kasha. Bonyeza vile vishikizo vya pembeni, RAM inachomoka. Utaona meno ya rangi ya dhahabu yamefubaa. Yasugue polepole kwa kifutio cheupe cha wanafunzi, pangusa makombo, rudisha mpaka usikie vishikizo vimelia "tak". Kama zipo mbili, jaribu moja moja, kila tundu.

DADA: Hiyo tak ni muhimu jamani. RAM iliyokaa nusu inaonekana imekaa.

FUNDI: Kabisa. Na toa RAM zote uwashe: mazabodi yenye spika ndogo ikipiga milio ya kulalamika, prosesa inafanya kazi. Huyo aliyesema mazabodi imeungua, mwonyeshe hapo.

DADA: Betri ile ya duara?

FUNDI: CR2032, ya volti 3. Ikiisha, saa inarudi nyuma, mara chache tu inazuia kuwaka. Badilisha, ni bei ndogo.

DADA: Na radi? Masika yetu ni Novemba mpaka Aprili.

FUNDI: Ngurumo zikianza, chomoa waya wa umeme na wa mtandao. UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, haizuii radi. Iliyopigwa, hapo kweli mazabodi inaweza kuwa imekufa.

DADA: Na kazi za wateja zilizomo?

FUNDI: Diski mara nyingi iko salama. Itolewe, iunganishwe kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, mafaili yanakiliwe. Kama ilifungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows la diski, utahitaji ule ufunguo wa tarakimu 48.

DADA: Na wewe mwenye mashine ukae palepale wakati inakiliwa. Ukiamua kununua mashine nyingine, diski yako ya zamani usiiache kwa fundi, ondoka nayo mkononi.