Tuanze na Maganda: Mazungumzo na Wakazi wa Mtaa Kuhusu Taka za Nyumbani

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wetu wa mashina, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asanteni kwa kuja. Jua la saa kumi bado kali, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Wengi mmekuja mkidhani nitazungumzia chupa za plastiki. Nitazigusa. Lakini kubwa nililokuja nalo leo ni maganda: ya ndizi, ya mihogo, ya viazi, pamoja na machicha ya nazi, makoko ya ugali na mchicha uliochambuliwa. Hapa kwetu Dar es Salaam, zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani ni vitu vya kuoza. Tukivitenga palepale jikoni, kabla havijagusana na kitu kingine, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Tukishindwa hapo, mengine yote tutakuwa tunajichosha.

Sogeeni muone kwenye turubai. Hiki ni kiroba cha kawaida cha nyumba moja ya humu mtaani, na mwenyewe ameridhia nikimwage mbele yenu. Angalieni chupa hii ya maji. Ilipotupwa ilikuwa safi kabisa. Sasa imepakaa mchuzi wa maharage, na majani ya chai yamegandia shingoni. Boksi hili la sabuni limelowa mpaka linameguka. Kijana anayeokota makopo akikifikia kiroba hiki atazamisha mkono hadi kwenye kiwiko ili apate chupa chache, na akizifikisha kwa mnunuzi atakatwa bei kwa sababu ni chafu. Boksi lililolowa hivi hanunui mtu. Na tazameni hapa chini, katikati ya maganda: wembe. Yule kijana ni mtoto wa mtu, jamani, na mikono yake haina glavu.

Gari likija linabeba mchanganyiko huo wote mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi. Maganda sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo tunachoma mafuta ya gari kusafirisha maji. Yakishafukiwa kule chini ya taka nyingine, pasipo hewa, yanatoa gesi ya methani, ambayo inaipasha dunia joto kuliko hewa ukaa na inashika moto kwa urahisi. Gari lisipokuja, sote tunajua kinachotokea. Kiroba kinaingia mtaroni usiku, mvua za masika zinakisukuma kuelekea Mto Msimbazi, na wenzetu wa bondeni ndio wanaohama na magodoro kichwani.

Sasa tutengeneze mboji, yaani mbolea ya vitu vilivyooza. Tafuteni ndoo kuukuu ya lita 20 yenye mfuniko, itobolewe matundu chini na ubavuni. Tangulizeni vijiti, juu yake majani makavu, maranda ya fundi seremala au maboksi yaliyochanwachanwa. Kila mkimwaga maganda, yafunikeni kwa makavu, yawe mengi kama maganda yenyewe au yazidi. Wengi wanakwama hapa. Wanajaza maganda matupu, ndoo inanuka, funza wanatokea, basi wanasema mboji haifai mjini. Uvundo ule maana yake hewa haipiti. Chota kiganja ukamue: maji yakichuruzika, ongeza makavu, ikipukutika kama vumbi, nyunyiza maji. Igeuze kila wiki. Ikishakuwa nyeusi, inamung'unyika, na inanukia kama udongo baada ya mvua, imeiva. Itachukua miezi miwili au mitatu. Matumbo ya samaki, nyama na mifupa msitie, maana mtaita panya. Majivu ya mkaa yawe kidogo sana, na yapoe kwanza.

Asiye na bustani asiseme haimhusu. Wafugaji wa mbuzi humu mtaani wanazunguka kutafuta maganda, na wauza miche barabarani wanahitaji mboji.

Maganda yakishatengwa, taka kavu zikabaki peke yake, mambo yanakuwa mepesi. Chupa za maji zikae pamoja, madumu na ndoo zilizopasuka zikae pamoja, maana ni plastiki za aina tofauti na haziyeyushwi pamoja. Makopo na vyuma chakavu havijawahi kukosa mnunuzi. Tujiulize pia kwa nini hatuoni chupa za kioo za soda zimezagaa mitaroni. Ni kwa sababu ukienda dukani kwa Mangi bila chupa, unaacha hela ya chupa. Utaratibu huo tumekua nao na unafanya kazi. Kwa maoni yangu chupa za plastiki nazo zingewekewa dhamana kama ile.

Wanaosema watu wetu hawabadiliki wakumbuke tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara. Tuliambiwa biashara sokoni zitasimama. Vikapu vikarudi, na nyanya zikaendelea kuuzwa. Hapa hapa jijini, kata ya Bonyokwa, wakazi wanatenganisha taka nyumbani kwao kwa kushirikiana na shirika la Nipe Fagio, wakusanyaji wanapita nyumba kwa nyumba, na za kuoza zinageuzwa mboji. Ni watu kama sisi, wenye nyumba za kubanana kama hizi.

Pampasi sina dawa yake. Hizo, pamoja na pedi, ziendelee kwenda na gari, zikiwa zimefungwa peke yake. Wembe uingie kwenye kopo lenye mfuniko. Na nawaomba sana, tuache kuchoma plastiki uani. Moshi ule una sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto waliolala dirishani.

Mama mmoja amenipa swali kabla hatujaanza: nyumba ya kupanga ina familia sita na ua mmoja, nani atageuza ndoo? Mama, hilo ndilo gumu kuliko yote, na ndoo sita kwenye ua ule zitaleta ugomvi. Wekeni pipa moja la pamoja, lenye matundu, kwenye kivuli, mbali na mlango wa mtu yeyote. Zamu yake ifuate zamu ya kufagia ua, ambayo tayari mnayo: anayefagia wiki hiyo ndiye anayegeuza, na majani aliyofagia ndiyo makavu ya kufunikia. Mwenye nyumba atoe pipa. Kama yupo hapa, nitamfuata tukimaliza. Fundi seremala wa pale kona ameshakubali kutuachia maranda bure kila Jumamosi, mje na viroba vyenu.