Shilingi Isiyoonekana: Walowezi wa Kiingereza Marekani Walilipanaje?

Nianze na ugomvi wangu wa siku zote. Vitabu vinatuambia kwamba Waingereza wa kwanza kule Virginia na Massachusetts walirudi kwenye mali kwa mali: wewe leta kuku, mimi nitoe mahindi, tumemalizana. Hebu fungueni daftari la muuza duka wa enzi hizo! Kuku yumo, mahindi yamo, na kila kimoja kimeandikwa kwa pauni, shilingi na peni. Hesabu walikuwa nayo. Sarafu ndiyo haikuwapo. Uingereza haikupenda fedha yake itoke, na reale, sarafu za fedha za Kihispania, zilizopatikana kwa biashara ya Karibi zilirudi London kulipia misumari na nguo.

Tazameni tumbaku, iliyofanya kazi ya sarafu kule Virginia. Mwaka 1619 baraza la Virginia lilipanga bei: iliyo bora shilingi 3 kwa ratili (karibu nusu kilo), hafifu peni 18, yaani shilingi moja na nusu. Sasa wewe unadaiwa ratili mia. Ghalani una majani mazuri, na una mengine yameota ukungu. Utalipa yapi? Naona mzee pale nyuma anacheka, huyo amewahi kudaiwa.

Aliyeumia zaidi ni kasisi. Sheria ya 1696 ilimpa ratili 16,000 kwa mwaka, zaidi ya tani saba za majani! Lakini udongo haukuwa mmoja. Kuna parishi zilizotoa tumbaku yenye harufu tamu, na kuna zilizotoa ile kali ya bei ya chini. Mshahara uleule, ratili zilezile, na huyu anakula vizuri kuliko yule. Basi makasisi walijua kuuliza habari za udongo kabla ya habari za waumini. Mwaka 1758 mavuno yakawa haba, bei ikapanda, kasisi akatabasamu. Baraza likaamua madeni ya tumbaku yalipwe kwa fedha, peni 2 tu kwa ratili. Kasisi James Maury akaenda mahakamani kudai kilichopungua. Mwaka 1763 wazee wa baraza la mahakama wakampa fidia ya peni 1. Moja! Wakili aliyesimama upande wa pili alikuwa kijana Patrick Henry, baadaye msemaji maarufu wa mapinduzi ya Marekani.

Mtaniambia, "Profesa, tumbaku ni mali, si fedha." Na merikani je, kile kitambaa cha pamba? Karne ya 19, msafara ukitoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi, ujira wa mpagazi na hongo ya chifu, yaani ushuru wa kupita, vilihesabiwa kwa doti za kitambaa hicho. Hakuna aliyedhani chifu ana haja ya shuka mia za kuvaa. Na merikani hiyo ililetwa na meli za Salem, Massachusetts, nchi ileile ninayoisema.

Huko Massachusetts, haraka haraka: mwaka 1635 risasi ya bunduki ilipita kwa robo peni. Mwaka 1637 shanga za kome zilizochongwa na Wenyeji wa pwani zikawa malipo halali, sita kwa peni, kwa deni dogo tu. Kodi walipokea mahindi na ng'ombe, na ng'ombe waliokuja mara nyingi walikuwa mifupa mitupu. Yaleyale ya ukungu.

Nilitaka kufika kwa John Hull, mfua fedha aliyeanza kupiga shilingi Boston mwaka 1652. Shilingi zake zenye picha ya msonobari zilipigwa hadi miaka ya 1680, zote zikiandikwa 1652, na sababu yake ni tamu. Lakini mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya tatu. Haya, maswali.