Msimu wa Walioachwa: Ngao ya Sheffield ya 2024–25 na Mustakabali wa Wachezaji Wake

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie msimu wa kriketi ya ndani ya Australia wa 2024–25. Nianze kwa kukiri kwamba fainali ya Ngao ya Sheffield niliitazama kwenye simu usiku wa manane, sauti nikiwa nimeizima ili nisiwaamshe watu wa nyumbani, kwa sababu wachezaji wanapoingia uwanjani asubuhi kule Adelaide, mji mkuu wa South Australia, huku kwetu hata jogoo wa kwanza hajawika. Sijutii usingizi nilioupoteza. Hoja nitakayoitetea jioni hii ni kwamba msimu ule ulikuwa wa watu walioachwa, yaani wachezaji ambao majimbo yao yaliwaona hawafai, wakahamia kwingine na huko wakachanua. Na mtu anayetaka kukisia nani atafika mbali katika kriketi ya Australia, nadhani ingemfaa kuwatazama hao kabla ya kuwatazama vijana wanaosifiwa magazetini.

Kwa wale wasioifuata sana, Ngao ya Sheffield hushindaniwa na majimbo sita: New South Wales, Victoria, Queensland, South Australia, Western Australia na Tasmania. Ilianza msimu wa 1892–93, kwa fedha alizotoa Lord Sheffield wa Uingereza, pauni 150, ambazo ndizo zilizotengeneza ngao yenyewe. Kila jimbo hucheza mechi kumi, kila mechi ya siku nne, na timu mbili za juu hukutana katika fainali ya siku tano. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Majimbo sita mara wachezaji kumi na mmoja ni watu sitini na sita tu, katika nchi ambayo kila mtaa una uwanja wa kriketi. Nafasi zikiwa chache namna hiyo, kijana anayenyimwa mkataba na jimbo lake hukaribia sana kwenda kutafuta kazi nyingine. Ndiyo maana kuhama kwa mchezaji kutoka jimbo moja kwenda jingine si jambo dogo. Mara nyingi ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Western Australia waliuingia msimu wakiwa mabingwa wa Ngao kwa misimu mitatu mfululizo, na pia mabingwa wa kombe la siku moja kwa misimu hiyohiyo mitatu. Dalili kwamba mambo yangebadilika ilikuja mapema, tarehe 25 Oktoba 2024, katika mechi ya siku moja dhidi ya Tasmania, kwenye uwanja wa WACA mjini Perth, nyumbani kwao. Walikuwa na mikimbio 52, yaani pointi zao, kwa kupoteza wiketi 2, yaani wapigaji wawili walikuwa wameshatolewa, hali isiyo nzuri wala mbaya. Kisha wiketi nane zilizobaki zikaanguka kwa mkimbio mmoja tu, na hata huo hawakuupata kwa gongo, maana ulitokana na mpira uliorushwa mbali na mpigaji na mwamuzi akautoa kama zawadi. Wakamaliza na 53. Wapigaji sita walitoka bila kitu. Aliyefanya sehemu kubwa ya uharibifu huo ni Beau Webster, aliyechukua wiketi 6 kwa mikimbio 17, na nitarudi kwake baada ya muda mfupi.

Lakini kiini cha msimu ni South Australia. Jimbo hilo lilikuwa halijaitwaa Ngao tangu msimu wa 1995–96, na hata ushindi ule wa zamani uliponea chupuchupu: walihitaji sare tu dhidi ya Western Australia, wakaipata kwa sababu wapigaji wawili wa mwisho, Shane George na Peter McIntyre, ambao hakuna aliyewahi kuwaajiri kwa ajili ya gongo, walisimama pale hadi saa zikaisha. Baada ya hapo ikafuata miaka 29 mikavu, na kwa misimu kadhaa kati ya hiyo walishika mkia. Msimu huu wa 2024–25 walikuwa wamekwisha kulitwaa kombe la siku moja kabla hata fainali ya Ngao haijafika.

Fainali yenyewe ilichezwa kuanzia tarehe 26 Machi 2025 dhidi ya Queensland. Haikuchezwa kwenye Adelaide Oval, ule uwanja mkubwa unaojulikana duniani, kwa sababu msimu wa kandanda ya Kiaustralia ulikuwa umeshaanza na wenye kandanda ndio wenye uwanja kipindi hicho. Ikapelekwa Karen Rolton Oval, uwanja mdogo wenye tuta la majani ambako watu hukaa chini na kutazama, na ambao, napenda kulitaja hili, umepewa jina la mwanamke aliyekuwa mpigaji hodari wa timu ya taifa. Queensland walipiga kwanza wakaangushwa wote kwa mikimbio 95. Brendan Doggett alichukua wiketi 6 kwa 31. South Australia wakajibu kwa 271, na hapo wengi walidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Queensland walirudi na kupiga 445, Usman Khawaja akavuka mia na Jack Wildermuth naye akavuka mia, na ghafla South Australia wakajikuta wanahitaji 270 kwenye pichi, ule ukanda wa ardhi ambako mpira hurushwa, iliyokwisha kutumika kwa siku tatu. Wakapoteza wiketi tatu kwa mikimbio 28. Mimi huku nilikuwa nimekwisha kuiweka simu kando. Nilipoichukua tena, Jason Sangha na mlinda wiketi Alex Carey walikuwa wamejishikiza, na ninachokikumbuka zaidi ni jinsi Sangha alivyokuwa akiiacha mipira: mguu wa mbele unasogea, gongo linainuliwa juu ya bega, mpira unapita karibu kabisa na nguzo anazozilinda mpigaji, naye hata hageuki kuutazama. Mtu aliyewahi kushika gongo anajua kwamba kuuacha mpira wa namna hiyo kunahitaji moyo zaidi kuliko kuupiga. Wawili hao waliongeza mikimbio 202 pamoja. Carey alitoka na 105, Sangha akabaki hadi mwisho na 126 bila kutolewa, na South Australia wakashinda wakiwa na wiketi nne mkononi. Watu wakashuka kutoka kwenye tuta na kuingia uwanjani.

Tuwatazame sasa waliofanya kazi hiyo walikotoka. Doggett, ambaye alimaliza fainali na wiketi 11, alianza maisha akiwa fundi seremala, na timu iliyomlea katika kriketi ya kulipwa ni hiyohiyo Queensland aliyoibomoa. Nahodha wa South Australia, Nathan McSweeney, ni mzaliwa wa Queensland pia. Nathan McAndrew, mwenzake Doggett katika urushaji, alitoka New South Wales. Sangha naye ni mtoto wa New South Wales, na mwaka 2024 jimbo hilo halikumpa mkataba mpya. Tukilisema kwa lugha ya nyumbani, South Australia walijenga nyumba kwa matofali ambayo majirani waliyatupa, na ile nyumba ikasimama kuliko za majirani wenyewe.

Hapa, hata hivyo, inabidi niwe mwadilifu, kwa sababu South Australia nao wametupa matofali yao. Jake Weatherald, mzaliwa wa Darwin, aliichezea South Australia kwa miaka mingi, akapumzika kwa muda ili kuitunza afya yake ya akili, kisha akapoteza nafasi. Mwaka 2023 alihamia Tasmania. Katika msimu huu tunaouzungumzia alikuwa mpigaji aliyepata mikimbio mingi kuliko wote katika Ngao, 906, na senchuri tatu, yaani mara tatu alifikisha mikimbio mia, akiwa mfunguaji, yaani mtu anayekabiliana na mpira mpya ungali mgumu na unaokwenda huku na huko. Kwa kuzingatia jinsi wapigaji walivyoteseka kwenye pichi za Australia miaka ya karibuni, mimi nazihesabu 906 hizo kuwa na uzito wa zaidi ya elfu za zamani. Wateuzi wa taifa nao, ingawa walichukua muda, wakaliona. Mwezi Novemba 2025, pale Perth, katika mechi ya kwanza ya Testi, yaani mechi ya siku tano kati ya mataifa, dhidi ya Uingereza, Weatherald na Doggett walivaa kofia ya taifa siku moja, wote wakiwa na umri wa miaka 31. Weatherald alitoka na sifuri kwenye zamu yake ya kwanza, mambo hayo hutokea, lakini katika mechi iliyofuata Brisbane alipiga 72. Doggett alichukua wiketi tano katika mechi yake ya kwanza, naye na Scott Boland wakawa wanaume wawili wa kwanza wenye asili ya wenyeji wa Australia kucheza pamoja katika kikosi kimoja cha Testi.

Webster ni jambo tofauti kidogo, kwa kuwa yeye hakuhama jimbo, alihama kazi. Alikuwa akirusha mipira ya kuzungusha, akaiacha na kujifunza urushaji wa kasi ya wastani, jambo ambalo mtu mwenye urefu wake pengine angepaswa kuambiwa tangu utotoni. Msimu wa 2023–24 alipata mikimbio zaidi ya 900 na wiketi 30 katika Ngao, kitu ambacho kabla yake alikifanya Garfield Sobers, gwiji wa West Indies, katika miaka ya 1960. Januari 2025 aliitwa kucheza Testi dhidi ya India mjini Sydney, akiwa na miaka 31, akapiga 57 na kisha 39 bila kutolewa, utulivu wa mtu aliyengoja muongo mzima. Nikimtazama Webster humkumbuka Asif Karim wetu wa Mombasa, aliyetolewa kwenye kustaafu akiwa na miaka 39 ili aende Kombe la Dunia la 2003, na kule Durban akawarushia Waaustralia haohao ova nane, kila moja mipira sita, na mipira miwili, akatoa mikimbio saba tu na kuchukua wiketi tatu.

Mchezo mfupi nitaupitia haraka, si kwa dharau, ila kwa sababu unapima kitu kingine. Hobart Hurricanes walitwaa taji lao la kwanza la ligi ya ova ishirini tarehe 27 Januari 2025, siku ambayo Mitchell Owen, kijana wa palepale Hobart, alipiga 108 kwa mipira 42. Miezi sita baadaye aliichezea Australia huko Jamaica na kupiga 50 katika mechi yake ya kwanza. Kwa upande wa wanawake, Melbourne Renegades waliokuwa wa mwisho msimu uliotangulia walitwaa taji mwezi Desemba 2024, na mwezi huohuo Georgia Voll, akiwa na miaka 21, akapiga senchuri dhidi ya India katika mechi yake ya pili tu ya kimataifa ya ova hamsini. Voll namtabiria makubwa bila kusita. Owen nasubiri nimwone dhidi ya mpira mwekundu, ule wa mechi za siku nyingi, kwenye pichi yenye majani, asubuhi yenye mawingu.

Nibaki basi na vijana wa mpira mwekundu, kwa maana hapo ndipo wengi huniuliza. McSweeney aliitwa timu ya taifa Novemba 2024 kufungua zamu dhidi ya India, ingawa jimboni kwake hakuwa mfunguaji. Akakutana na Jasprit Bumrah, mrushaji wa kasi wa India, katika ubora wake, akapata mikimbio 72 katika zamu sita, akaachwa. Kwa maoni yangu alionewa: walimpa kazi isiyo yake kisha wakamhukumu kwayo. Aliyechukua nafasi yake ni Sam Konstas wa New South Wales, aliyekuwa na miaka 19, na ambaye mwezi Oktoba alikuwa amepiga senchuri mbili katika mechi moja ya Ngao, 152 na 105, mdogo zaidi kufanya hivyo tangu Ricky Ponting, aliyekuja kuwa nahodha wa Australia. Siku ya kwanza Melbourne alimpiga Bumrah kwa mitindo ambayo makocha wa zamani wangemchapa kwa kuitumia, akapata 60 kwa mipira 65, na nchi nzima ikashangilia. Katikati ya 2025 alikwenda visiwa vya Karibiani, akapata mikimbio 50 katika zamu sita, na Uingereza ilipofika hakuwemo.

Wanaoniuliza kama Konstas amekwisha huwaelekeza kwa Sangha. Mwezi Novemba 2017, kule Townsville, kijana wa miaka 18 wa New South Wales aliipiga timu ya Uingereza senchuri, akiwa mdogo kuliko wote waliowahi kuifanyia hivyo katika kriketi ya daraja la kwanza, yaani mechi za siku nyingi za ngazi ya juu, isipokuwa Sachin Tendulkar, gwiji wa India. Miezi michache baadaye aliiongoza Australia katika Kombe la Dunia la vijana. Kijana huyo ni Jason Sangha. Ilimchukua zaidi ya miaka saba, mkataba uliopotea, na safari ya kuhamia Adelaide, hadi akajifunza kuiacha ile mipira iliyokuwa ikipita karibu na nguzo. Konstas amezaliwa mwaka 2005, na Sangha mwenyewe, hadi ninapozungumza nanyi, bado anangoja kuitwa.