Ufukwe wa Watu Wasiovaa Nguo: Unachaguaje pa Kwenda Majira ya Kuchipua?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo hamtaona bahari wala mchanga nyuma yangu. Nimekaa sebuleni, kwa sababu sehemu ninazotaka kuzizungumzia hazitaki kamera. Na kwangu mimi, marufuku ya kamera ni dalili ya kwanza kwamba mahali panasimamiwa vizuri.

Swali limeingia sana kwenye ujumbe wa faragha, wengi mkitanguliza "samahani dada". Mnataka kujua mtu anachaguaje ufukwe au hoteli ya watu wanaokaa bila nguo, hasa likizo ikiangukia majira ya kuchipua, yaani Machi hadi Mei. Msiombe samahani. Ni swali la safari, na lina majibu.

Tuwekane sawa kwanza. Huku Ulaya jambo hili lina mizizi. Wajerumani wanaliita FKK, kifupi cha Freikörperkultur, yaani utamaduni wa mwili huru, na enzi za Ujerumani Mashariki fukwe za Baltiki zilijaa watu wasio na nguo bila mtu kushangaa. Ufaransa, kule Montalivet kwenye pwani ya Atlantiki, wanaturisti, yaani watu wanaopenda kukaa bila nguo, walifungua kijiji chao cha likizo mwaka 1950, na shirikisho lao la kimataifa likaundwa hapohapo mwaka 1953. Watu wanasoma, wanacheza mpira wa wavu, wanapika. Ngono hadharani hairuhusiwi, na anayejaribu anafukuzwa.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wengi wanaangalia picha, wanaona maji ya buluu, wanalipia. Picha hizo zimepigwa Julai au Agosti! Mwezi wa Aprili bahari ya Baltiki bado ni baridi ya kuuma mifupa. Pwani ya Ufaransa upande wa Mediterania maji yanacheza kwenye nyuzi 14 hivi, na Kroatia si mbali na hapo. Visiwa vya Kanari, ambavyo ni vya Uhispania lakini viko karibu na Afrika, maji yanafika kama nyuzi 19. Bado si maji ya uvuguvugu, ila unaingia na unaogelea.

Halafu kuna upepo, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Mtu aliyevaa nguo anavaa koti, anaendelea na matembezi. Wewe huna hata shati. Jua linaweza kuwaka vizuri kabisa, upepo ukivuma kutoka baharini unarudi chumbani baada ya nusu saa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ufukwe una urefu gani, uliza umeelekea wapi na umekingwa na nini. Kule Maspalomas, kusini mwa Gran Canaria, kimojawapo cha Visiwa vya Kanari, kuna vilima vya mchanga, na milima ya katikati ya kisiwa inazuia sehemu kubwa ya upepo wa kaskazini. Ndiyo maana watu wanaenda hata wakati wa baridi.

Jambo la msimu lina upande wa pili. Vijiji vingi vya kambi, Ufaransa na Kroatia, hufungwa wakati wa baridi na kufunguliwa kuanzia Aprili. Lango likifunguliwa haina maana kila kitu kimefunguliwa: bwawa linaweza kuwa bado tupu, mgahawa bado umefungwa. Chukua Koversada, karibu na Vrsar huko Kroatia, ambako wanaturisti wamekuwa wakienda tangu 1961. Ni mahali pakubwa na penye jina, lakini mimi nisingeenda mwanzoni mwa msimu bila kuuliza kwa maandishi kipi kinafanya kazi wiki ile.

Sheria nazo zisikupite. Uhispania haina sheria ya nchi nzima inayokataza kukaa uchi ufukweni, ila miji inaweza kujiwekea masharti. Barcelona ilipiga marufuku uchi mitaani mwaka 2011. Uingereza na Wales, kuwa uchi peke yake si kosa, kosa ni kukusudia kuwatisha au kuwaudhi watu. Brighton ina ufukwe wake rasmi tangu 1980, wa kokoto, kwa hiyo bebeni viatu. Msimamo wangu ni huu: mgeni, hasa mwenye kibali cha kuishi anachokilinda, aende palipotengwa rasmi, penye bango. Usifuate njia ya vichakani kwa sababu mtu mtandaoni amesema "hapa kila mtu anavua".

Tabia ya mahali ni muhimu kuliko umaarufu wake. Cap d'Agde, kusini mwa Ufaransa, ndiyo inayotajwa na kila mtu. Ni mji mdogo kamili, una maduka na nyumba za kupanga, na ufukwe wake una kama kilomita 2. Lakini unajulikana pia kwa vilabu vya usiku vya watu wazima wanaotafuta wapenzi, na hali hiyo haibaki vilabuni tu. Kama unataka utulivu, si pa kuanzia. Dada zangu mnaosafiri peke yenu, tafuteni mahali palipozungushiwa uzio, penye mapokezi yanayoandika kila anayeingia, na panapohusiana na chama cha wanaturisti cha nchi hiyo. Kaka zangu, ulizeni mapema: baadhi ya sehemu hazipokei wanaume waliokuja peke yao, au zinadai kadi ya uanachama. Msilichukulie kama ubaguzi wa rangi moja kwa moja; someni masharti kwanza.

Ukifika, kanuni ni chache. Tandika taulo kila unapokaa. Usikodoe macho. Simu ibaki kwenye mkoba. Na tafadhali, weusi wenzangu, pakeni losheni ya kukinga jua. Ngozi yetu inaungua pia, na kuna sehemu za mwili ambazo hazijawahi kuliona jua.

Kama bado moyo unasita, jaribu sauna, yaani chumba cha joto kali cha kutokwa jasho, kabla ya kukata tiketi ya ndege. Ujerumani sauna nyingi za umma huingii na nguo za kuogelea. Therme Erding, karibu na Munich, ina eneo zima la sauna la namna hiyo. Ukikaa saa mbili ukaona umetulia, ufukwe hautakushinda. Ukiona hukupenda, umepoteza kiingilio tu.

Mimi chaguo langu kwa Aprili ni Gran Canaria, nyumba ndogo kwenye eneo lenye uzio na bwawa linalopashwa moto, karibu na Maspalomas. Mwishoni mwa Mei ningefikiria Kroatia. Nikiandikia mwenye nyumba nauliza bwawa lina nyuzi ngapi, upepo unatoka wapi mchana, na nani anayelinda lango usiku. Asiyejibu hayo simlipi.