Upepo ukiisha, lori linafunga

Assalaam aleikum jamaa zangu wa Malindi, kuanzia Shela mpaka Maweni, na nyinyi mlioko Mokowe mnangoja boti ya kuvukia Amu. Nyuma yangu hapa ni trela, niko Marekani, na leo nataka tuongee breki za upepo. Vijana wetu wanaokuja huku kutafuta leseni ya malori makubwa usukani wanaujua. Kinachowaangusha ni kukariri namba za breki bila kujua zina maana gani.

Nyumbani lori likishindwa kusimama, utasikia watu wakisema upepo uliisha. Hebu sikilizeni. Navuta kitufe hiki cha manjano... pshhhh! Upepo umetoka, na lori limefunga, halisogei. Ndani ya chemba za breki za nyuma kuna springi nzito. Upepo ndio unaoibana isifunge. Ukitoka, springi inajiachia na kukaba magurudumu. Makanika wangu wa gereji za Malindi, chemba hiyo msiifungue kwa kubahatisha. Springi ile ikiruka inaua mtu.

Sasa namba zinajieleza zenyewe. Kompresa inajaza matangi mpaka paundi 125 hivi kwa inchi ya mraba, kisha gavana yake (kifaa kinachosimamia shinikizo la upepo) inaikata. Upepo ukishuka kwenye 100 inaanza tena. Kwenye mtihani unazima injini, unaweka swichi, unakanyaga breki na kuachia ukiupunguza upepo. Kabla geji haijashuka chini ya 55, taa au mlio lazima ikuonye (vitabu vya zamani vinasema 60). Endelea kukanyaga: kati ya 45 na 20 kitufe kinaruka chenyewe. Hapo springi imeshinda upepo. Kwa trela, ukishikilia breki huku injini imezimwa, usipoteze zaidi ya paundi 4 kwa dakika. Yote haya unamweleza mtahini kwa mdomo huku mkono ukifanya. Ukianguka maswali ya maandishi ya breki za upepo, leseni inapigwa alama ya L, na gari lenye breki za upepo huruhusiwi kuligusa. Trela karibu zote zimekupita.

Sasa, kama upepo ukiisha lori linafunga, mbona malori yanatoroka mteremkoni? Ni moto, ndugu zangu. Dereva anakanyaga breki mfululizo, ngoma za breki zinachemka na kupanuka, na kiatu cha breki hakizifikii tena sawasawa. Matangi yamejaa upepo na gari halishiki! Wanaopitisha mizigo Mazeras wanajua ninachosema. Ingiza gia nzito kabla hujaanza kushuka. Mwendo ukifika kikomo chako, kanyaga breki kiasi cha kuhisi lori linapunguza, sekunde 3 hivi, mpaka mwendo upungue kama kilomita 8 kwa saa, halafu achia kabisa. Mwendo ukipanda tena, rudia. Na mwachie nafasi aliye mbele, kwa sababu upepo huchukua kama nusu sekunde kufika magurudumuni. Kwa mwendo wa kilomita 88 kwa saa hiyo ni karibu mita 12 zaidi.

Nyinyi wa Pwani hewa yetu ina unyevu mwingi, na kompresa inauingiza tangini. Maji yakizidi yanakula nafasi ya upepo na kutia kutu vali. Utingo afungue koki chini ya kila tangi jioni, amwage mpaka itoke hewa kavu.