Pishi ya Nani?

Assalamu alaykum. Asante, Mwenyekiti, ingawa umenitangaza kuwa nitazungumzia "misingi ya kifalsafa na mbinu za elimu ya uchumi", na nimewaona wawili kule nyuma wameshatoa simu. Msihangaike. Nitazungumza juu ya pishi, kile chombo cha zamani cha kupimia nafaka. Wanaonijua wanacheka, kwa sababu wameshaisikia. Wataisikia tena.

Siku za utoto wangu mchumaji wa karafuu akilipwa kwa pishi. Jioni, karafuu mbichi zikishachambuliwa, zinamwagwa jamvini, mzee mwenye shamba anakuja na pishi yake. Mimi mtoto wa miaka tisa hivi, kazi yangu kushika taa. Pishi ya mzee ilikuwa ya bati, kitako kimegongwa kwa ndani hata kimetuna chini kama tumbo. Na hakuwa akipima mfuto, yaani sawa na mdomo wa pishi! Akizungusha mikono miwili mdomoni mwa pishi, viganja vinakuwa ukuta, karafuu zinapanda, zinapanda, mpaka zianze kuporomoka vidoleni, ndipo aseme: "Moja." Akafika tisa.

Mchumaji hakusema kitu. Akazirudisha zote jamvini, akatoa pishi yake mwenyewe kwenye pakacha, akajaza, akapitisha kijiti juu, karafuu zilizozidi zikaanguka. Akahesabu kumi na moja. Karafuu ni zile zile, jamvi lile lile, na mimi na taa yangu shahidi. Wakakaa wakitazamana. Mwisho ikaenda kuazimwa pishi ya mwalimu wa chuo cha Kurani, ile ya kupimia zaka ya fitri, kwa kuwa hiyo hakuna aliyethubutu kuitilia shaka. Ikatoka kumi.

Sasa niambieni, ipi ndiyo idadi ya kweli? Wanafunzi wangu wana jibu la haraka: "Mwalimu, tupime kwa kilo." Haya, kilo. Mbichi au kavu? Kavu kiasi gani? Pamoja na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, au bila? Kila jibu ni uamuzi, na kila uamuzi una anayefaidi na anayeumia. Mizani haikumaliza ugomvi wa mzee na mchumaji, imeuhamisha tu.

Mwanafalsafa Hume alishatuonya tangu 1740: usitoke kwenye "ndivyo ilivyo" ukarukia "ndivyo ipasavyo" bila kutuonyesha ulivyovuka. Wanauchumi wakalipenda onyo hilo mno. Mmoja wao, Robbins, mwaka 1932, akaupa uchumi kazi ya kuchunguza mwenendo wa binadamu mwenye malengo mengi na nyenzo chache. Malengo yenyewe yakaachiwa wengine. Mwanauchumi mwenzake Friedman naye, mwaka 1953, akadai kuwa tukigombana juu ya sera, aghalabu tunatofautiana katika kubashiri matokeo, si katika maadili. Mimi nilikuwa na taa mkononi. Wale wawili hawakutofautiana katika kubashiri chochote! Karafuu zilikuwa mbele yao.

Najua kuna anayesema moyoni: "Kumbe huyu anachukia hesabu." Hasha! Nimefundisha takwimu mpaka chaki imenikausha vidole. Ninachokataa ni mtu kuniletea tisa akaniambia hakuna maoni ya mtu ndani yake. Nioneshe kitako cha pishi kwanza.

Chukueni pato la taifa. Kwa kanuni za kimataifa za hesabu za taifa, bibi akilima muhogo wake akaula mwenyewe, muhogo huo unahesabiwa. Akiteka maji kisimani akayabeba hadi nyumbani, hata kazi hiyo kwa kanuni imo. Akishawasha moto akaupika ule muhogo kwa yale maji, hapo hayumo tena. Mpaka wa uzalishaji, yaani mstari wa kinachohesabiwa na kisichohesabiwa, umepita baina ya ndoo na chungu! Nani aliuweka hapo? Watu, kikaoni, na wana sababu zao, nyengine nzuri tu. Lakini hizo ni sababu za watu. Kuznets, aliyewatayarishia Wamarekani hesabu za pato lao, aliwaeleza Baraza lao la Seneti mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa haupimiki hivi hivi kwa pato lake. Wakachukua hesabu, onyo wakaliacha mezani.

Na zile karafuu za jioni, unadhani alizichambua nani? Bibi yangu na mashangazi. Kati ya pishi zote tatu hakuna iliyowapimia wao kitu.

Mwenyekiti ananionesha vidole viwili. Basi upesi. Nilitaka kusema juu ya majaribio ya nasibu, ambapo kura ndiyo inayoamua nani apewe msaada na nani asubiri, yaliyowapa wanauchumi Banerjee, Duflo na Kremer Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Kremer na Miguel waligawa dawa za minyoo maskulini Busia, Kenya, wakaona mahudhurio yamepanda. Kazi safi. Ila kilichofaa Busia kitafaa Micheweni, Pemba? Jaribio lenyewe halikwambii. Lazima ujue kwa nini kilifaa, na hapo unarudi kwenye nadharia uliyodhani umeikimbia. Ile kauli wanauchumi wanayoipenda, "mambo mengine yakibaki vile vile", niliiandalia kurasa nne, nazirudisha mkobani.

Mwenye swali aanze. Na tafadhali asiniulize mchumaji alilipwa ngapi. Alilipwa kumi, na makonyo akayachukua mzee.