Hospitali Nilisema Panga

Assalaamu alaykum. Maseremala wa Chake Chake hapa Pemba, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi, sogeeni mbele, huko nyuma feni haifiki.

Nauinua mkono wa kulia muuone. Kidole cha shahada kimeishia kiungo cha kati. Cheti cha hospitali kinasema nilijikata panga nikifua nazi nyumbani. Uongo, na mwenye kuusema ni mimi.

Kilichokula kidole ni mashine ya kupasulia mbao, kwenye karakana ambayo sitaitaja. Kava la msumeno tulishalivua zamani, tukiona linatuchelewesha. Likalala chini ya meza limefukiwa na vumbi la mbao. Nilikuwa napasua msaji wa fremu za milango, kikabaki kipande kifupi. Kipande kifupi husukumwa kwa kijiti. Kijiti kilikuwepo, nimekiegemeza ukutani. Msumeno ukakuta fundo, ubao ukaruka, mkono ukaendelea mbele na safari yake. Maumivu sikuyasikia. Nilisikia mlio wa mashine umebadilika.

Kuna aliyeniuliza hapo mlangoni kama glavu zingenisaidia. Kwenye msumeno unaozunguka, hapana. Uzi mmoja wa glavu ukinaswa, mkono wote unavutwa. Na pete, fundi, ivue kabla hujawasha.

Wenzangu walikiokota kile kidole wakakitumbukiza kwenye ndoo ya barafu ya samaki. Nia yao njema, lakini barafu ikigusa nyama yenyewe huiharibu. Kifunge kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge usiingie maji, kisha mfuko ndio uweke juu ya barafu. Huko Japani walirudisha dole gumba lililokatika kabisa mwaka 1965, wakaunga mishipa ya damu chini ya hadubini. Sisi huku kuna bahari ya kuvuka, na msumeno hutafuna, haukati kama kisu. Kihifadhini hata hivyo, ila msimwahidi mtu.

Sasa ile panga. Tajiri, mwenye karakana, alinikuta kitandani, akakaa, akaniambia taratibu: "Sema ulikuwa kwako, mimi nitakutazama." Nikasema. Alinitazama wiki tatu. Nilipokwenda kuuliza fidia, nikaonyeshwa cheti changu mwenyewe. Zanzibar tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi tangu 1986, Namba 15. Ule mfuko wa fidia mnaousikia redioni ni wa Bara. Lakini sheria itamfidia vipi mtu aliyeumia akifua nazi? Kwa hiyo ukiulizwa na daktari, damu ikiwa bado inatoka, taja mashine. Mwenzako aliyeona naye aseme siku hiyo hiyo, kabla hajaitwa pembeni.

Na msidhani jeraha likifunga mambo yamekwisha. Mshipa wa fahamu uliokatwa hujaribu kuota tena, kiasi cha milimita moja kwa siku. Ukikosa njia hujikunja kifundo kwenye kigutu, na kifundo hicho kikigonga meza unaona nyota. Usiku inawasha kucha ambayo haipo. Upepo wa kusi ukivuma, maji ya udhu wa alfajiri yanauma mpaka kwenye kiwiko. Wali unadondoka njia nzima kutoka sahani mpaka mdomoni. Mwaka wa kwanza sikwenda kula harusini. Nikifika attahiyatu nainua kigutu, na mjukuu wangu akiswali ubavuni hukitazama hicho badala ya mswala.

Kile kijiti nimekuja nacho. Urefu wake kama kigasha, mwishoni kimekatwa pengo la kukamatia ubao. Pokezaneni, mkishike kila mtu. Tena wewe kijana mwenye pete, anza wewe.